Kabla ya Kufunga Turubai, Msikilizeni Paka

Kwenye ghala letu mtu haondoki hivi hivi. Akishapokea kitenge chake cha kuagwa na soda kunywewa, anatakiwa awaachie maneno wanaobaki, ayaseme au ayaandike. Mimi naondoka baada ya misimu minne ya mavuno. Sijafikisha miaka thelathini, lakini tangu wiki iliyopita wenzangu wananiita mstaafu, na Mama Yustina, kiongozi wa akina mama wanaopepeta nafaka, ameniuliza kama magoti yameshaanza kuniuma. Basi naandika kama mstaafu. Kusema mbele ya watu nisingeweza. Ningeanza, nirudi nyuma kusahihisha, kisha niombe radhi kwa kusahihisha.

Habari za mshahara na vyeo nitaziruka, kwa sababu ni fupi. Nitaandika kuhusu paka. Ninyi mnaoanza kazi mtafundishwa mizani, kipima unyevu na bambo, ule mrija wenye ncha tunaouchoma kwenye gunia kutoa punje za kukagua. Kila mtu atawafundisha hayo, mengine kwa kelele. Lakini humu ndani kuna wafanyakazi wawili wenye miguu minne, na maneno yao hayakuandikwa kwenye mafunzo yenu.

Siku yangu ya kwanza nilifika kutoka kwetu Chanji nikiwa nimevaa viatu vya usaili na sweta mbili, maana ilikuwa msimu wa baridi na upepo wa Sumbawanga hauangalii shahada ya mtu. Yangu ilikuwa ya ununuzi na ugavi. Njiani nilikuwa nimefanya mazoezi ya namna ya kujitambulisha, toleo fupi na toleo refu. Mzee Ladislaus, mtunza ghala, alikuwa amekaa juu ya gunia la ulezi akinywa chai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mhitimu?"

Nikaanza toleo refu. Hakulisikiliza. Alinyoosha kidole juu ya rundo la mahindi. "Yule dume mwenye mabaka meusi anaitwa Karani, kwa sababu anakaa tu na kuangalia wenzake wakifanya kazi. Yule jike wa rangi ya udongo ni Ulezi. Kazi anafanya Ulezi. Ukimkanyaga mmoja wao, rudi Chanji."

Nilicheka. Yeye hakucheka, nami nikawaza kicheko changu kwa muda wa siku nzima.

Baadaye nilielewa kwa nini alisema vile. Nafaka yetu huliwa na watu, kwa hiyo sumu ya panya haingii humu. Panya akipita, haishii kula punje zake na kuondoka. Anatoboa gunia, anaacha kinyesi, na mnunuzi akikiona kwenye bambo anaweza kukataa mzigo mzima. Tumewahi kurudishiwa lori zima kutoka Kasesya, mpakani, kwa sababu ya uchafu wa gunia moja. Tangu hapo Ulezi na Karani wana fungu lao la dagaa wa Ziwa Tanganyika, na hakuna anayewauliza wamefanya nini.

Mzee Ladi alikuwa na maelezo yake kuhusu milio ya paka, nayo aliyatoa kama kanuni. Akilia nyau, ana njaa. Akikoroma, yaani ule mvumo wa kooni kama mashine ya kusaga iliyo mbali, ana raha. Akifoka, ni mkali. Kanuni tatu tu. Kwa mtu kama mimi, ambaye mlango nikishaufunga narudi kuukagua mara mbili, kanuni tatu zilikuwa chache mno. Nilianza kusikiliza. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa na wasiwasi tu kwamba nimekwishamkosea paka mmoja bila kujua.

Nililosikia kwanza ni kwamba Ulezi na Karani hawaambiani nyau. Wanapishana, wananusana, wanapigana makofi, wote kimya. Nyau ni maneno ya kutuambia sisi. Nyau fupi asubuhi ninapofungua geti ni salamu, na ukiitikia anapita zake. Nyau ndefu inayopanda mwishoni ni ombi: fungua, leta, sogea. Ile nzito inayoshuka, inayovutwa kama mtu anayelalamikia foleni, ni manung'uniko, na mara nyingi inakuhusu wewe. Nilimweleza Mzee Ladi.

"Kwa hiyo chuoni mlikuwa mnasoma haya?"

"Hapana, mzee. Nimesikiliza tu."

"Na huyu sasa hivi anasema nini?" Karani alikuwa amesimama mbele yake akivuta ule mlio mzito.

"Umemkalia gunia lake."

Mzee Ladi alinyanyuka polepole. Karani akapanda, akajizungusha, akalala. Akina mama wa kupepeta walicheka hadi ungo mmoja ukamwagika. Kuanzia siku hiyo jina langu likawa Mkalimani, na sikulipenda, kwa kuwa mkalimani akikosea hukosea mbele ya watu.

Kufoka nako si ukali. Liwekeni hilo kichwani mapema. Paka anayefoka, masikio yamelala na mgongo umepinda, anaogopa, na anakuomba urudi nyuma kabla hajalazimika kutumia kucha. Kijana mmoja wa kupakia aliliona hilo kama matusi akataka kumwonyesha Karani nani bosi. Mkono wake ulipona, ila kwa mwezi mzima alikuwa anabebea magunia bega moja.

Kuna mlio mwingine mtausikia shomoro wakiingia na kutua kwenye vyuma vya paa. Karani atawatazama huku taya zinamtetemeka, meno yanagongana, na kasauti kadogo kanakatikakatika. Mgeni mmoja aliuliza kama tuna paka mwenye degedege. Hana ugonjwa. Anaona nyama asiyoweza kuifikia. Mama Yustina alisema hata yeye hufanya vile anapopita kwenye duka la vitenge.

Somo lililonikaa zaidi lilitokana na mvumo. Msimu wangu wa pili, Karani alikaa asubuhi nzima kwenye kona nyuma ya mizani akivuma bila kukoma. Mzee Ladi alipita akafurahi. "Unamsikia? Raha mustarehe." Mimi sikupata amani. Anapokuwa na raha, Karani hujinyoosha, hukandakanda gunia kwa mikono kama mtu anayekanda unga. Siku ile alikuwa amejikunja, macho yamefumba nusu, masikio yamekwenda pembeni. Nilimpelekea dagaa, hakugeuka. Nikaenda zangu kupima unyevu, nikarudi. Nikaenda, nikarudi. Nilisoma kwenye simu mpaka bando likaisha. Mwishowe nikamwambia Mzee Ladi kwamba naona Karani anaumwa.

"Anaumwa na huku anakoroma?"

"Mzee, hata mtu huimba akiwa na maumivu."

Alinitazama kidogo, kisha akapiga magoti mwenyewe na kumpapasa. Chini ya bega, ndani ya manyoya, kulikuwa na uvimbe wa kuumwa na paka mwenzake, umejaa usaha. Bwana mifugo alikuja akaupasua, akamchoma sindano, akasema paka wengine huvuma hivyo wanapoumwa, kama kujibembeleza. Jioni tukawa tunafunga ghala. Ndipo Mzee Ladi akasema, "Kumbe lazima usikie sauti na uangalie mwili." Akalisema kama alilivumbua yeye, na kwa kweli mkono uliougusa uvimbe ulikuwa wake. Nimemwachia. Tangu hapo tulikuwa tunabishana juu ya milio kama watu wawili wenye redio moja.

Sasa nije kwenye siku ambayo mtaulizwa habari zake na kila dereva.

Msimu wa tatu, mavuno yalikuwa mazuri na ghala lilijaa hadi karibu na mlango. Dumuzi walianza kutoboa mahindi kwenye rundo la kati. Dawa yake mtaiona: rundo linafunikwa lote kwa turubai, kingo zinakandamizwa chini kwa mifuko mirefu ya mchanga, vidonge vinaingizwa ndani, navyo vinatoa gesi inayoua kila chenye pumzi. Upande mmoja huachwa wazi mpaka dakika ya mwisho, kwa ajili ya kuingiza vidonge. Vikishaingia, hakuna anayefunua tena hadi siku zake zitimie.

Mwenye kazi hiyo ni Paskali, kiongozi wa wapiga dawa, kijana wa rika langu, mwenye barakoa ya gesi anayoipenda kama pikipiki yake. Utaratibu wetu ulikuwa kwamba kabla hajafunga, Mzee Ladi anaita watu wote kwa majina, na paka wanahamishiwa kwenye banda la akina mama pamoja na sahani ya dagaa. Wote wakishaitika, kazi inaendelea. Tulijivunia utaratibu huo. Ulikuwa na tundu moja: ulihesabu waliokuwa na majina.

Ulezi alikuwa amezaa. Watoto watatu, kwenye boksi la sabuni nyuma ya banda la Mama Yustina. Walikuwa wamefumbua macho na wameanza kutambaa nje ya boksi. Kila Ulezi aliporudi kwao nilikuwa nasikia mlio ambao hakuwa akiutumia kwetu kabisa: mfupi, wa kuviringika kooni, mdomo ukiwa umefungwa, kama mtu anayesema "ndiyo" huku anapuliza chai. Watoto walikuwa wakiusikia wanainuka wote kwa pamoja.

Asubuhi ya kupiga dawa boksi lilikuwa tupu.

"Kawahamisha," alisema Mama Yustina. "Paka ndivyo walivyo, mwanangu. Atakuwa kawapeleka kwa jirani, huku kuna kelele."

Nilikubali. Niliuliza mara ya pili, nikakubali tena. Lori la kwenda Kasesya lilikuwa linakuja mchana kuchukua mzigo wa rundo la pembeni, na lilikuwa haliwezi kuingia mpaka Paskali afunge kazi na njia iwe wazi. Mzee Ladi aliita majina. Karani na Ulezi walibebwa kwenye tenga hadi bandani. Turubai likafunikwa, pande tatu zikakandamizwa kwa mchanga. Paskali alivaa glavu.

Ndipo Ulezi akatokea mlangoni. Alikuwa ametoroka bandani, mdomoni kabeba dagaa mmoja mzima. Akapita katikati ya miguu ya watu, akasimama mbele ya turubai, pale ambapo mchanga ulikuwa umeshalazwa, akatoa sauti.

"Huyo ana njaa," alisema Paskali. "Mpeni dagaa aondoke."

"Dagaa si huyo hapo mdomoni?" nikasema.

Sikuwa nimekusudia kusema kwa sauti. Wote waligeuka.

Niliendelea kwa sababu kunyamaza kungekuwa vibaya zaidi. Mwenye njaa angekula. Mwenye hofu angefoka. Jike anayetafuta dume hupiga ukelele mrefu unaowaamsha watu mtaa mzima. Huyu anatoa ule mfupi, wa kooni, na anautoa akiwa na chakula ambacho hali. Nimeusikia kwenye boksi tu.

"Dada," alisema Paskali, "mchanga huu tumeubeba sisi. Tukifunua kwa sababu ya paka, kesho mtafunua kwa sababu ya mjusi."

Mzee Ladi alitazama saa, kisha akanitazama mimi. "Una uhakika watoto wako humu?"

Swali hilo ndilo nililoliogopa maisha yangu yote, katika mitihani, katika usaili, hata dukani nikiulizwa kama chenji imetimia. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi uleule, na aliyekuwa anauliza ndiye angetoa maoni. Watoto hawakuwa na jina hata mmoja. Nikamwangalia Ulezi. Masikio yake yalikuwa mbele, kwenye turubai, hayatuhusu sisi kabisa.

"Kwamba wako humu, sina uhakika," nikasema. "Nina uhakika kwamba haombi kitu. Anaita."

Mzee Ladi alishusha pumzi. "Paskali, usifungue chupa ya vidonge. Na nyie wote, nyamazeni."

Si rahisi kunyamazisha ghala. Wapakiaji walisimama na magunia mabegani. Mama Yustina alikwenda mwenyewe kwa jirani mwenye mashine ya kusaga na kumwambia azime; jirani alipouliza kwa nini, akaambiwa kuna mkutano. Mashine ikazima. Ikabaki sauti ya bati likigongwa na upepo, halafu hata upepo ukatulia kidogo.

Ulezi akaita.

Chini ya turubai, chini ya tani zote zile za mahindi, kitu kikajibu. Sauti nyembamba kama uzi.

Paskali alivua barakoa yake. "Toa mchanga," alisema kwa watu wake. "Mimi naua wadudu. Sikuja hapa kuua watoto wa mtu."

Walikuwa ndani ya vichaga vya mbao tunavyopangia magunia, mahali penye joto, pasipofikika kwa mkono wa mtu. Vijana walishusha safu nzima ya magunia ya pembeni. Wa kwanza alitoka mwenyewe akifuata sauti ya mama yake. Wa pili Paskali alimvuta kwa shingo, akafokewa na kitu kidogo kuliko ngumi yake, akasema, "Huyu ni mkali!" nami nikamwambia hapana, anaogopa. Akamshika vizuri zaidi, kwa mikono miwili.

Kisha kimya. Kijana mmoja akasema basi wamekwisha, na honi ya lori ikasikika getini. Nilikuwa nimewaona watatu kwenye boksi, lakini mtu angeweza kusema wa tatu aliliwa na mwewe au alichukuliwa na watoto wa jirani, na mtu huyo alikuwa ameshaanza kulisema. Mimi nilimwangalia Ulezi. Watoto wawili walikuwa wanamzengea tumboni, naye dagaa bado yumo mdomoni. Akaita tena, akiwa amewapa mgongo wale wawili.

"Bado," nikasema. Safari hii hakuna aliyeniuliza kama nina uhakika.

Walishusha safu nyingine. Wa tatu alikuwa amebanwa na kona ya kichaga, amechoka hata kujibu. Mzee Ladi alilala kifudifudi na koti lake la ofisini akamtoa. Alipomweka sakafuni, Ulezi alimnusa, akamlamba kichwani mara moja, kisha akaweka dagaa chini mbele ya watoto wote watatu. Akanyamaza. Akajilaza, na ndipo ule mvumo ukaanza, wa raha, mikono ikikanda sakafu.

"Sasa funga," nikamwambia Paskali.

Dereva wa lori aliingia amekasirika, akauliza kazi gani hii ya kuchelewesha mzigo wa mpakani. Mzee Ladi, vumbi kifuani, alimjibu: "Mkalimani alikuwa na kazi." Akamweleza yote. Dereva alichuchumaa kuwatazama. Walipokua na kuacha kunyonya, alimchukua yule wa tatu akampeleka kwenye stoo ya ndugu yake kule Kasesya, na hadi leo hunipigia simu. Hasalimii. "Dada, sikiliza," anasema, kisha anaweka simu kwenye mdomo wa paka. Nami nasikiliza. Mara nyingi nasema: mfungulie mlango.

Mkataba wangu uliongezwa, ila nilisema habari za vyeo naziruka. Ninachotaka mkikute hapa ni hiki: tangu siku ile, kabla ya kufunga upande wa mwisho, jike analetwa mbele ya turubai na watu wote wananyamaza. Jambo hilo halikuandikwa popote. Wapiga dawa wanaofanya kazi na Paskali kwenye maghala mengine ya mjini nao wameanza kulifanya, na nimesikia kwamba huko wanaliita "kusubiri kwa Mkalimani." Jina sikulipenda mwanzoni. Sasa naitika nikiitwa hivyo hata sokoni.

Jana ilikuwa siku yangu ya mwisho, nao walikuwa wanapiga dawa rundo la maharage. Sikutaka kuingilia, kwa hiyo nilisimama karibu na mizani nikiwa na kitenge changu kipya begani. Paskali aliinua mkono. Wapakiaji wakasimama. Mashine ya jirani ikazima bila mtu kutumwa. Ulezi alikuwa amekaa mbele ya turubai akijilamba mguu, masikio yamelegea, hana habari na yeyote. Bati liligonga, likaacha.

Kimya kilikuwa kizuri, na bado nilitaka kusema tusubiri kidogo tena, kwa sababu huwezi kujua. Nikajizuia. Si kazi yangu tena.

Paskali alishika chupa, akaanza kuifungua. Halafu akasita, akairudisha chini.

"Tusubiri kidogo tena," akasema.